Kupanga likizo ya Toscana: viza, vilima vya Siena, na Pisa isiyosahau Kindu

Karibu na mlango wa uwanja wa ndege wa Pisa, katika jimbo la Toscana kule Italia, kuna jengo dogo ambalo watalii wengi wanalipita bila kugeuza kichwa. Wanakimbilia kupiga picha ya mnara ulioinama. Ndani ya jengo lile wamelala wanajeshi 13 wa Italia waliouawa Kindu, katika Maniema, mwezi wa 11 mwaka 1961. Kwa mtalii wa Ulaya ile ni historia ya mbali. Kwa mtu wa mashariki ya Congo, Kindu ni jina la nyumbani.

Toscana ni kati ya majimbo yanayotembelewa zaidi katika Italia, juu ya miji yake ya zamani na vilima vyake. Wakaaji wa Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika wanaofika kule ni wachache: mapadri na masista wanaotumwa masomo, wanafunzi, wafanyabiashara, wazazi wanaoalikwa na watoto wao. Wengi wanamaliza siku zao Ulaya bila kuona kitu, sababu hawakupanga mbele. Maelezo haya yanaonyesha namna ya kupanga juma moja Toscana, kuanzia makaratasi mpaka njia ya kurudi.

TOSCANA NI WAPI

Toscana iko katikati ya Italia, kaskazini ya Roma. Upande wa magharibi kuna bahari, upande wa kaskazini na mashariki kuna milima ya Apennini. Ukubwa wake ni karibu kilomita mraba 23,000, maana yake haifikii hata nusu ya Kivu ya Kaskazini. Ina wakaaji karibu milioni 3.7, na mji wake mkubwa ni Firenze, ambao Wafaransa wanauita Florence.

Zamani haikuwa jimbo moja. Firenze, Siena, Pisa na Lucca, kila mji ulikuwa dola yake, na majeshi yake, feza yake na ukuta wake. Miji ile ilipigana vita kwa miaka mingi. Firenze ilitajirika kwa vitambaa vya manyoya ya kondoo na kwa banki. Kuanzia mwaka 1252 ilitengeneza feza ya zahabu, florini, ambayo wafanyabiashara wa Ulaya nzima waliipokea. Utajiri ule ndio ulilipa makanisa, sanamu na picha ambazo watu wanaenda kutazama leo.

Hata lugha ya Kiitaliano inatoka kule. Kama vile Kiswahili sanifu kilivyojengwa juu ya Kiunguja, Kiitaliano cha masomo kilijengwa juu ya usemi wa Firenze, zaidi sana juu ya maandiko ya Dante, aliyezaliwa pale mwaka 1265. Dante mwenyewe alifukuzwa na wapinzani wake wa siasa mwaka 1302. Alikufa ukimbizini, katika mji wa Ravenna, mwaka 1321. Kaburi lake lingali kule.

KWANZA MAKARATASI

Kosa la kwanza ni kununua tiketi ya ndege mbele ya kupata viza. Raia wa Congo anahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi. Inamruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, Italia na katika inchi nyingine za Schengen, isipokuwa kama viza yenyewe imeandikwa siku chache zaidi. Ombi linapelekwa kwa inchi ambako mtu atakaa siku nyingi zaidi. Anayeenda Toscana siku saba na Bruxelles siku mbili anaomba kwa Italia, hata kama ana ndugu Ubelgiji.

Ubalozi wa Italia uko Kinshasa. Kwa mkaaji wa Bunia, Butembo ao Uvira, safari ya Kinshasa peke yake ni bajeti nzima: ndege, mahali pa kulala, siku za kungojea. Na mwombaji anapaswa kufika mwenyewe, sababu alama za vidole zinachukuliwa. Kwa hiyo ni vizuri kuuliza ubalozi mbele ya kuondoka nyumbani: ombi linatolewa wapi, na randevu inapatikana namna gani.

Mambo yanayoombwa ni haya:

- Pasipoti isiyopita miaka kumi tangu itolewe, yenye kurasa mbili zisizoandikwa, na ambayo itakuwa ingali nzuri miezi mitatu nyuma ya kutoka Schengen.
- Bima ya matibabu ya safari, asiransi inayolipa si chini ya euro 30,000 na inayofanya kazi katika inchi zote za Schengen.
- Uhakikisho wa mahali pa kulala: hoteli, nyumba ya watawa, ao barua ya mwaliko ya mwenyeji.
- Uhakikisho wa feza: karatasi za banki za miezi iliyopita, si noti zilizowekwa kwa akaunti juma moja mbele ya randevu.
- Uhakikisho kwamba mtu atarudi: kazi, ruhusa ya mkubwa wa kazi, biashara iliyoandikishwa, jamaa, masomo.
- Mpango wa ndege wa kwenda na kurudi. Kuweka nafasi kunatosha. Tiketi inalipwa kama viza imetoka.

Bei ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima tangu mwezi wa 6 mwaka 2024, na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 12 asiyetimiza. Mtoto wa chini ya miaka 6 halipi. Ombi linaweza kutolewa miezi sita mbele ya safari, na si chini ya siku 15. Jibu linatoka kwa kawaida katika siku 15, lakini sheria inaruhusu wafike mpaka siku 45. Mwenye akili anaanza miezi mitatu ao minne mbele.

Viza ikikataliwa, zile euro 90 hazirudi. Lakini mwombaji anapewa karatasi yenye sababu, na ana haki ya kukata rufaa. Hapa ndipo makomisioneri wanapowakamata watu. Hakuna mtu wa inje ya ubalozi anayeweza kuuza viza ya Schengen, wala kuihakikisha. Anayeomba dola elfu kadhaa kwa ahadi ya viza iliyo tayari, anauza hewa. Karatasi ya uongo ya banki ao ya kazi inaharibu jina la mwombaji, na kosa lile linaonekana pia akiomba kwa inchi nyingine ya Schengen.

Anayelala kwa ndugu ao rafiki akumbuke jambo moja ambalo wengi hawajui. Mwenye nyumba Italia anapaswa kutangaza kwa polisi, katika masaa 48, kwamba amepokea mgeni wa inje ya Ulaya. Asipofanya vile, anaweza kupigwa faini. Hoteli zinafanya kazi hiyo zenyewe.

Na kadi ya njano ya chanjo isisahauliwe nyumbani. Italia haiombi chanjo ya homa ya manjano, lakini Congo inaiomba wakati wa kurudi.

WAKATI GANI WA KWENDA

Miezi mizuri ni ya 4 mpaka ya 6, na tena ya 9 na ya 10. Mwezi wa 7 na wa 8 joto linakuwa kali, miji ya mawe inawaka kama furu, na bei za vyumba zinapanda. Tarehe 15 mwezi wa 8, sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni, Italia nzima inapumzika na maduka mengi yanafungwa.

Kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3 vyumba vinakuwa bei chini na mistari ya watu inafupika, lakini kunakuwa baridi. Mtu aliyezoea Bukavu atahitaji koti nzito. Mtu wa Kalemie atahitaji mbili.

KUFIKA NA KUTEMBEA

Njia ya kawaida ni kuruka mpaka Roma, mara nyingi kupitia Addis-Abeba ao mji mwingine mkubwa, kisha kupanda treni. Kutoka kituo cha Roma Termini mpaka Firenze, treni ya mbio inachukua saa moja na nusu hivi. Tiketi yake inakuwa bei chini kama inanunuliwa majuma kadhaa mbele, na inapanda sana siku ya safari.

Ndani ya Toscana, treni za jimbo, zinazoitwa Regionale, zinatosha. Bei yake haibadiliki, hakuna haja ya kukimbilia. Firenze mpaka Pisa ni karibu saa moja na karibu euro 10. Pisa mpaka Lucca ni nusu saa, chini ya euro 5. Firenze mpaka Siena ni saa moja na nusu. Lakini tiketi ya karatasi ya Regionale inapaswa kupigwa muhuri kwa mashine ndogo ya kituo mbele ya kupanda. Asiyepiga muhuri anahesabiwa kama hakulipa, na faini inazidi bei ya safari mara nyingi. Mgeni akisema hakujua, haimsaidie kila mara.

Kukodi gari kunafaa kwa vilima, si kwa miji. Katikati ya Firenze, Siena, Pisa na Lucca ni sehemu ambako magari ya inje hayaruhusiwi, na kamera zinasoma plaki. Barua ya faini inaweza kumfuata mtu miezi mingi nyuma ya safari.

FIRENZE: SIKU MBILI, SI MOJA

Kitu cha kwanza kinachoonekana ni kanisa kubwa la Santa Maria del Fiore na kuba lake la matofali mekundu. Filippo Brunelleschi alilijenga kati ya 1420 na 1436, bila kiunzi cha miti cha kulishikilia kutoka chini, jambo ambalo watu wa wakati wake walisema haliwezekane. Kupanda juu ni ngazi 463, hakuna asansere. Kuingia kanisani ni bure. Kupanda kuba kunalipwa na kunaomba saa iliyowekwa mbele.

Sanamu ya Daudi, kazi ya Michelangelo ya miaka 1501 mpaka 1504, iko katika nyumba ya Accademia. Ina urefu wa zaidi ya mita tano. Ile inayosimama inje, mbele ya jumba la mji, ni mfano tu. Nyumba ya Uffizi ndiyo yenye picha kubwa za wachoraji wa Italia. Zote mbili zinafungwa siku ya kwanza ya juma. Mwenye chini ya miaka 18 anaingia bure, hata kama si raia wa Ulaya, na siku ya Mungu ya kwanza ya kila mwezi kila mtu anaingia bure. Siku ile mstari ni mrefu. Ni kufika asubuhi.

Mto Arno unakata mji katikati. Daraja la Ponte Vecchio, lenye maduka ya zahabu juu yake, ni la mwaka 1345. Mwezi wa 8 mwaka 1944, wakati Wajerumani walipokimbia, walivunja madaraja yote ya mji isipokuwa lile. Tarehe 4 mwezi wa 11 mwaka 1966, Arno ilifurika. Maji na matope viliingia makanisani, nyumbani, katika maktaba. Vijana walikuja kutoka inchi nyingi kutoa vitabu ndani ya matope kwa mikono, na wakaaji wakawaita malaika wa matope. Mpaka leo kuna vibao vidogo kwenye kuta vinavyoonyesha maji yalifika wapi, vingine juu kuliko kichwa cha mtu. Mgeni anavipita. Mtu wa Uvira ao wa Kalehe atavisoma kwa macho mengine.

SIENA: PICHA INAYOSEMA JUU YA USALAMA WA NJIA

Siena ni mji wa matofali juu ya vilima vitatu, na uwanja wake mkubwa, Piazza del Campo, umeinama kama sahani. Mara mbili kwa mwaka, tarehe 2 mwezi wa 7 na tarehe 16 mwezi wa 8, pale kunakimbia farasi za Palio. Mji una kartye 17, kila moja na bendera yake, lakini kila mara zinakimbia kumi tu. Mbio zenyewe zinaisha kwa dakika moja na nusu hivi. Machozi na shangwe vinaendelea siku nyingi. Kusimama katikati ya uwanja ni bure, lakini ni masaa mengi chini ya jua, bila choo. Mwenye watoto asijaribu.

Wakatoliki wanajua Siena kwa jina la Mtakatifu Katarina, aliyezaliwa pale mwaka 1347. Yeye, binti wa mpaka rangi vitambaa, alimwandikia na kumwendea Papa Gregorio XI kumsukuma aondoke Avignon na kurudi Roma. Papa alirudi mwaka 1377. Nyumba yake inatembelewa, na kichwa chake kinahifadhiwa katika kanisa la San Domenico.

Lakini kitu kimoja ambacho mtu wa mashariki ya Congo hapaswi kukosa kiko ndani ya jumba la mji, Palazzo Pubblico. Katika chumba ambako wakubwa tisa wa Siena walikuwa wakifanya mikutano, Ambrogio Lorenzetti alichora kuta tatu, miaka 1338 na 1339. Mada yake ni utawala mzuri na utawala mbaya, na matunda ya kila mmoja.

Upande wa utawala mzuri, mji una kazi: fundi anajenga, mwalimu anafundisha, watu wanacheza njiani. Mlango wa mji uko wazi. Wakulima wanaingia na punda waliobeba mizigo, matajiri wanatoka na farasi, na mashamba yanavunwa mpaka mbali. Juu ya njia anaruka mwanamke mwenye mabawa. Jina lake ni Usalama. Karatasi anayoshika inaeleza kwamba kila mtu atatembea bila woga na atalima na kupanda shamba lake, wakati haki inatawala.

Upande wa pili, anayetawala ana pembe, na Haki amefungwa kamba miguuni pake. Nyumba zinabomoka. Askari wanamkamata mwanamke njiani. Mashamba yamekauka, vijiji vinawaka, na hakuna anayelima. Mwenye kuruka juu ya njia ni Woga, na upanga mkononi.

Lorenzetti hakuchora hivyo kwa kupamba. Wakubwa tisa walikaa chini ya picha zile kila siku wakikata mambo ya mji, na kila mmoja aliona ukutani, mbele ya macho yake, kilichokuwa kikingoja watu wake kama angetawala vibaya. Mtu aliyepita vizuizi vingi kati ya Goma na Butembo, ao aliyeacha shamba lake Masisi, hahitaji mtu wa kumfasiria.

VILIMA NA MIJI MIDOGO

Kusini ya Siena kunaanza Val d'Orcia, bonde lenye vilima vya ngano, mizeituni na mistari ya miti mirefu ya sipresi. Mtu wa Masisi ataona kitu anachokijua: vilima vya kijani vinavyofuatana mpaka macho yachoke. Uzuri ule ni kazi ya mikono ya watu. UNESCO iliandika bonde lile katika urithi wa dunia mwaka 2004 sababu wakulima na wenye mji wa Siena walilipanga hivyo tangu zamani, wakitaka inchi izae na ipendeze pia.

Katika bonde lile kuna Pienza, mji mdogo ambao Papa Pio II aliujenga upya kuanzia mwaka 1459, sababu alizaliwa pale. Pienza inajulikana pia kwa pecorino, jibini ya maziwa ya kondoo. Mwenye kupenda fromaji ya Masisi atafurahi kulinganisha. Basi kutoka Siena zipo, lakini ni chache, na siku ya Mungu inaweza kukosekana kabisa.

Asiye na gari anaweza kwenda San Gimignano, kwa basi kutoka Firenze kupitia Poggibonsi. Zamani jamaa tajiri za pale zilishindana kujenga minara, kila moja ikitaka kupita ya jirani. Inasemekana ilifika 72. Leo imebaki 14.

Lucca ni ya kupumzika. Ukuta wake wa zamani, wa kilomita nne na kidogo, umekuwa njia ya kutembea juu yake, na miti kila upande. Watoto wanapanda vélo, wazee wanakaa.

Kaskazini zaidi kuna Carrara, ambako milima inaonekana nyeupe hata wakati wa jua. Si teluji, ni marumaru. Inachimbwa tangu wakati wa Waroma, na Daudi wa Michelangelo alitoka pale. Kwa mtu anayetoka jimbo la migodi, ni somo kutazama mlima uliokatwa miaka elfu mbili.

Na kwa mwenye kufanya haji, mashariki ya Toscana kuna mlima wa La Verna, mahali ambapo, kwa imani ya Kanisa, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipokea alama za vidonda vya Kristo mwaka 1224. Wafransisko wangali pale na wanapokea wageni.

PISA: MNARA, KISHA KINDU

Mnara wa Pisa ulianza kujengwa mwaka 1173. Ulipofika ghorofa ya tatu, udongo laini chini yake ulianza kutitia. Kazi ilisimama na kuanza tena mara kadhaa, ikaisha karibu miaka 200 baadaye. Mwaka 1990 ulifungwa kwa kuogopa usianguke. Wafundi walitoa udongo kidogo kidogo upande ulioinuka, mnara ukarudi nyuma karibu nusu ya mita, na kazi ikakamilika mwaka 2001, ukafunguliwa tena mwisho wa mwaka ule. Kupanda kunalipwa karibu euro 20, kwa saa iliyowekwa. Mtoto wa chini ya miaka 8 haruhusiwi kupanda. Kutazama kutoka kwa majani ni bure.

Nyuma ya picha, watu wengi wanarudi kituoni. Lakini kutoka kituo cha Pisa Centrale, treni ndogo inafika uwanja wa ndege kwa dakika tano, na karibu na uwanja ndipo ulipo ukumbusho wa Kindu.

Mwaka 1961 Congo ilikuwa na mwaka mmoja wa uhuru. Katanga ilikuwa imejitenga. Patrice Lumumba alikuwa ameuawa mwezi wa kwanza. Askari wa mashariki waliishi na woga wa mamluki wazungu wa Katanga. ONUC, ujumbe wa kwanza wa Umoja wa Mataifa katika Congo, miaka mingi mbele ya MONUC na MONUSCO, ilikuwa na marubani wa inchi mbalimbali. Kati yao walikuwamo Waitaliano wa kikosi cha 46 cha anga, ambacho nyumba yake ni Pisa.

Tarehe 11 mwezi wa 11, ndege mbili za C-119 zilitua Kindu, zikiwa na vitu vya wanajeshi wa Malaya waliolinda pale kwa jina la ONUC. Waliokuwamo walikuwa 13, chini ya Meja Amedeo Parmeggiani. Askari wa Congo waliwadhania kuwa mamluki wa Katanga. Waliwakamata na kuwaua. Mwanzo wa mwaka 1962 miili yao ilipatikana katika makaburi ya Tokolote, karibu na mto Lualaba, ikarudishwa Pisa. Mwaka 1994 Italia iliwapa medali ya zahabu ya ushujaa.

Kifo kile kiliumiza Italia nzima. Ndiyo maana jina Kindu linasomeka leo kwenye vibao vya barabara za miji mingi ya Italia, na kuna ukumbusho mwingine kwenye uwanja wa ndege wa Fiumicino, Roma. Kila mwaka, tarehe 11 mwezi wa 11, kunafanyika misa na sherehe Pisa.

Mwaka ule na miaka iliyofuata, Wacongomani wengi pia walikufa, na wengi wao hawana kibao chochote chenye majina yao. Mgeni kutoka mashariki anaweza kusimama pale na kubeba mambo yote mawili. Ukumbusho uko jirani na uwanja wa jeshi, kwa hiyo ni vizuri kuuliza mbele juu ya saa za kuingia, na kutopiga picha bila ruhusa.

CHAKULA NA MFUKO

Waitaliano wengine wanawatania watu wa Toscana kwa kuwaita wala maharagi. Mkongomani hatapotea. Ribollita ni supu ya maharagi, majani ya kabeji nyeusi na mkate wa jana, iliyopikwa tena. Mkate wa kule hautiwi chumvi. Si kosa la mpishi. Asiyekula nguruwe aseme "senza maiale", sababu nyama ile inajificha hata ndani ya mboga.

Kahawa ya kusimama kwenye kaunta ni euro moja na kidogo; ukikaa kwa meza, hasa kwa uwanja mkubwa, bei inaweza kuzidi mara mbili. Mikahawa mingi inaongeza feza ya "coperto" kwa kila mtu, hata kama hakuomba mkate. Hoteli zinaongeza kodi ya mji kwa kila usiku. Maji ya bomba za njiani ni mazuri na ni bure.

Nyumba za watawa zinazopokea wageni mara nyingi ni safi na bei yake haiko juu, lakini mlango unafungwa usiku saa iliyopangwa. Kanisani mabega na magoti yanafunikwa. Mfuko wa nyuma si mahali pa pasipoti. Na anayenunua mkoba wa marki ya uongo njiani anaweza kupigwa faini yeye pia, si muuzaji peke yake. Kukitokea shida, namba ya kuita ni 112.

MPANGO WA SIKU SABA

1. Kufika Roma, treni mpaka Firenze, kupumzika.
2. Firenze: kanisa kubwa, Ponte Vecchio, vibao vya mafuriko.
3. Firenze: Accademia asubuhi, Uffizi saa za nyuma.
4. Siena: Palazzo Pubblico, San Domenico, kulala kule.
5. Val d'Orcia ao San Gimignano, kisha treni mpaka Pisa.
6. Lucca, kwenda na kurudi siku moja.
7. Pisa: mnara asubuhi, ukumbusho wa Kindu, kisha treni ya Roma, karibu masaa matatu.

Anayetaka kuongeza Venezia, Milano na Napoli katika juma lile lile atarudi na picha za vituo vya treni. Na siku ya kutoka iheshimiwe. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2025, mipaka ya Schengen imeanza kuandika kwa mashine siku ya kuingia na ya kutoka kwa kila mgeni. Aliyerudi kwa wakati anasaidia viza yake ya pili. Jamaa yake na parokia yake, watakaoomba nyuma yake, nao watakuwa na mtu wa kuwaeleza njia.